Mzee Mathias Kavaa Nini Chini ya Meza?

Kwa miaka ishirini na saba Mathias Kasanda alikata tiketi na kutangaza treni pale stesheni ya Kaliua, mahali ambapo reli ya Mpanda inaachana na ile ya Kigoma. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwazuia watu wa Mpanda wasiende Kigoma kwa bahati mbaya. Aliifanya kwa sauti nene, ya polepole, sauti ya mtu asiye na haraka hata kama treni inayo. Watu walimwona dirishani, kuanzia kifua kwenda juu, wakachukua tiketi zao wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumwuliza habari za chini ya dirisha.

Alipostaafu alihamia Tabora mjini, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo mtaa wa Cheyo, yeye na mkewe Consolatha. Binti yao Levina alikuwa ameolewa Dodoma. Mathias akawa mtu wa kukaa barazani na kusoma gazeti la juzi.

Siku moja alikwenda mjini kununua balbu kwenye duka la vyombo la Jigar. Mbele yake alisimama mama mmoja amelishika birika la umeme, analigeuza geuza, haelewi. Mathias akalichukua boksi lake akamsomea maelezo: “Birika hili lina ujazo wa lita moja na nusu. Maji yakichemka, linajizima lenyewe. Tafadhali usilijaze kupita mstari.” Alisoma kama anavyotangaza treni. Duka zima likageuka kusikiliza. Yule mama akanunua birika, na wanaume wawili waliokuwa wamefuata misumari wakanunua birika.

Jigar akatoka nyuma ya kaunta. Alikuwa kijana wa miaka thelathini na tano, amerithi duka kwa baba yake, na mwaka ule alikuwa ameanzisha televisheni ndogo ya kebo aliyoiita Mtemi. Ilirusha matangazo yake kutoka stoo ya nyuma ya duka, na waliokuwa mbali na nyaya waliitazama kwa simu.

“Shikamoo, mzee,” alisema. “Hiyo sauti siku hizi unaitumia kufanya nini?”

“Marahaba. Nawakemea mbuzi wa jirani.”

“Njoo unifanyie kazi. Kipindi kinaitwa *Duka Mezani*. Unakaa, unaelezea vyombo, watu wanapiga simu wanaagiza.”

Mathias alifikiri kwa muda wa kutosha treni moja kupita, kisha akakubali.

Siku ya kwanza alivaa suti yake ya kahawia, ile ya harusi ya Levina, na tai. Alikaa nyuma ya meza iliyofunikwa kitambaa chekundu kilichofika mpaka sakafuni. Stoo ilikuwa finyu, kamera haikuwa na pa kurudi nyuma, hivyo ilimchukua yeye na meza basi. Kamera ilishikwa na Tunu, binti aliyekuwa pia mpokea simu na mfagiaji wa pale. Mathias alilielezea birika kwa dakika ishirini. Simu zikaanza kuita. Tunu akabonyeza kipaza sauti ili watazamaji wote wasikie.

“Halo, ni *Duka Mezani*? Amefariki nani?”

“Hakuna aliyefariki,” alisema Mathias.

“Sasa suti ya nini saa kumi jioni? Umetushtua. Mke wangu hapa ameshaanza kutafuta khanga za msibani.”

Akafuata mwanamke aliyesema tai imemkaba mzee, na mtu aliyekabwa hawezi kuaminiwa kwa jambo linalohusu maji ya moto. Akafuata mwingine, akasema suti ni nzuri ila amuachie mumewe, wanalingana mabega. Simu kumi na nne ziliingia. Birika halikuagizwa hata moja.

Mtu mwingine angepuuza. Lakini Jigar alikuwa anaamini kwa moyo wote kwamba mteja ni mfalme. Alinunua daftari kubwa, akaandika juu yake MAONI, na kila lililosemwa alilitekeleza kesho yake.

Walisema mzee avae kiheshima lakini si kimsiba, akaletewa suti ya Kaunda, ya kijivu, mikono mifupi, mifuko minne. Akauza nayo masufuria. Asubuhi iliyofuata dukani alifika mkulima kutoka Ulyankulu na faili la plastiki na mashahidi wawili. Alikuwa na kesi ya mpaka wa shamba.

“Nimemwona mheshimiwa kwenye televisheni,” alimweleza Jigar. “Kiongozi anayejishusha mpaka anauza masufuria, huyo ndiye wa kusikiliza wananchi.”

Mathias alimweleza kwamba yeye si kiongozi. Mkulima akatikisa kichwa kwa kuuelewa unyenyekevu huo, akafungua faili. Ilibidi Mathias asikilize mpaka mchana, na mwisho akawashauri wapande minyaa mpakani mbele ya jirani. Waliondoka wameridhika sana. Walinunua na sufuria.

Wiki ya tatu kulikuwa na machujio ya maji, na mtazamaji mmoja alishauri koti jeupe kwa ajili ya usafi. Kesho yake watu wanane walikuwa wameketi kwenye benchi la nje ya duka wakiwa na vyeti vya hospitali. Saba walielezwa wakaondoka. Wa nane, bibi mmoja mwembamba, aligoma kuondoka mpaka mzee amtazame ulimi. Mathias alimtazama ulimi. “Unaonaje?” aliuliza bibi. “Ni mzima,” alisema Mathias, na kwa kweli ulikuwa unaonekana mzima.

Hatimaye wakafika kwenye shati la kitenge, la buluu yenye maua madogo, na kelele zikatulia. Siku tatu nzima hakuna aliyelalamika. Mathias akaanza kudhani amefika. Ndipo siku ya nne, akiwa katikati ya kuelezea blenda, ikaingia simu kutoka Puge. Ilikuwa sauti ya mwanamke, ya upole, ya mtu aliyelifikiria jambo lake kwa muda mrefu.

“Mwadila, baba,” alimsalimu kwa Kinyamwezi.

“Mwadila, mama. Unahitaji blenda?”

“Naitwa Martha. Sihitaji. Nilitaka kusema shati nimelikubali, limekukaa. Swali langu ni huko chini. Huko chini ya meza, baba, umevaa nini?”

Mathias alishika blenda kwa mikono miwili. “Nimevaa suruali,” alisema.

“Ndiyo. Sisi tutajuaje?”

Katika maisha yake alikuwa ameulizwa maswali magumu, likiwemo la kwa nini treni ya Jumanne imefika Alhamisi. Hilo la Martha liliyapita yote. Akarudi kwenye blenda, lakini mji haukurudi naye.

Kufikia Jumamosi Tabora ilikuwa imegawanyika. Kuna waliosema mzee huvaa bukta, kwa sababu ya joto la taa. Kuna waliosema ni suruali ya kulalia. Dereva mmoja wa bodaboda pale sokoni aliapa kwamba ana binamu aliyepita nyuma ya duka mlango ukiwa wazi, na kwamba alichokiona binamu hakisimuliki, akawa anakisimulia kila alipopata abiria. Simu zilimiminika Mtemi. Na hapo likatokea jambo ambalo Jigar alikuwa analiomba tangu mwanzo: biashara ikachangamka. Kwa maana mtu hawezi kumpigia simu mzee wa watu, amwulize habari za suruali yake, kisha akate hivi hivi. Aibu humshika. Huagiza japo chujio la chai.

“Mzee,” alisema Jigar akiwa ameng'ara uso mzima, “kuanzia leo usisimame.”

“Nisisimame kwenye kipindi?”

“Popote. Mtu akikuona huko nje na suruali, swali limekufa.”

Akamkodia bajaji iliyofungwa mapazia pande zote. Kila siku saa tisa ilimfuata Mathias nyumbani, ikaingia kwa mlango wa nyuma wa duka kinyumenyume, akashuka moja kwa moja hadi kwenye kiti. Jirani zake wa Cheyo waliosimama kumwangalia waliona pazia tu.

Angeweza kukataa. Lakini tuseme kweli, kuna kitu kilikuwa kinamfurahisha. Kwa umri wake wote watu walimtazama kama wanavyotazama saa ya ukutani, wakichukua wanachotaka na kuondoka. Sasa mji mzima ulikuwa unamuwaza. Ila furaha hiyo ilikuja na ugonjwa wake. Swali likirudiwa mara nyingi humwingia hata anayeulizwa. Siku moja, akielezea thermosi, ghafla Mathias hakuwa na uhakika. Alipitisha mkono wa kushoto chini ya meza polepole, akapapasa goti. Kitambaa kilikuwepo. Akashusha pumzi. Watazamaji wote waliuona ule mkono ukizama na ile pumzi ikishuka, na simu arobaini ziliingia kabla ya saa kumi na mbili.

Jumapili baada ya ibada alitembelewa na Sylvester, mzee wa kanisa pale kwenye usharika wao wa Moravian. Sylvester alikuwa mtu mwenye haya. Alizungumza akiangalia dari.

“Ndugu Mathias, waumini wana mashaka.”

“Mzee Sylvester, nipo mbele yako. Tazama. Hii si suruali?”

Sylvester alishusha macho haraka, akayarudisha juu. “Hiyo ni ya leo,” alisema. “Sisi tunaulizia ya kwenye televisheni.”

Consolatha alikuwa jikoni akisikia. Yeye hakuwa mtu wa maneno mengi, na mpaka hapo aliliona jambo lote kama wazimu wa wanaume na mashine zao. Lakini Jumatatu alikwenda sokoni, kwenye kibanda cha vitenge cha Mwamvita ambaye wamejuana miaka mingi, na Mwamvita akamshika mkono kwa huzuni.

“Pole, mama Levina.”

“Ya nini?”

“Ya suruali. Wala usijali. Kila mwanamume ana lake.”

Consolatha alirudi nyumbani kwa miguu, jua la saa saba kichwani. Hasira yake haikuwa juu ya uchi wa mumewe, maana huo aliujua haupo. Ilikuwa juu ya pasi. Kwa miaka thelathini na nne alikuwa amepiga pasi suruali za mtu yule, na sasa Tabora nzima ilikuwa inasema kazi hiyo haijafanyika.

“Baba Levina,” alisema jioni, “kesho usimame.”

“Jigar amenikataza.”

“Haya,” alisema Consolatha.

Alhamisi alitoka asubuhi na mapema akisema anakwenda kusaga mahindi. Saa kumi na robo, Mathias akiwa hewani na seti ya vikombe, mlango wa stoo ulifunguliwa, akaingia Consolatha na gauni la kanisani, suruali tano zimening'inia kwenye mkono wake wa kushoto. Tunu alimwangalia Jigar. Jigar alimwangalia Tunu. Kamera haikuzimwa.

“Naitwa Consolatha, mke wa huyu,” alisema akiiangalia kamera kama anayeangalia mtu mkaidi. “Nimesikia mnauliza. Nimewaletea.”

Akaziweka mezani juu ya vikombe, moja moja. “Hii ya kahawia ni ya suti. Hii nyeusi ni ya kwaya. Hii ya buluu imeshonwa na fundi wa Gongoni, mguu wa kulia ameukosea kidogo lakini hauonekani. Hii ya kijivu ina kiraka ndani ya mfuko, nimekiweka mimi. Na hii ya khaki ni ya shambani, na hata hii nimeipiga pasi. Tano. Ndizo zote anazo. Sasa mwenye neno aseme.”

Mathias, nyuma ya lile rundo, alikuwa ameshaliona neno lenyewe linakuja kabla halijafika. Simu ikaita. Ilikuwa Puge.

“Shikamoo, mama. Ni Martha. Nimeziona, na kwa kweli ni safi. Ila mama, kama suruali zote anazo ni tano, na zote tano ziko hapo mezani…”

Hakumaliza. Consolatha aliziangalia zile suruali. Akazihesabu tena kwa kidole. Kisha akageuka taratibu, akakiangalia kitambaa chekundu kilichofika sakafuni, na usoni mwake likapita wingu ambalo Mathias hakuwahi kuliona tangu ndoa yao.

“Baba Levina,” alisema kwa sauti ndogo. “Umevaa nini?”

Mathias akamtazama Jigar. Jigar alikuwa anatikisa kichwa, mikono imeunganishwa kama anayeomba. Mathias akaweka viganja mezani, akasimama, akatoka pembeni ya meza mpaka katikati ya stoo. Tunu akajibana ukutani na kamera yake kadiri ukuta ulivyomruhusu.

Ilikuwa suruali. Mpya, rangi ya maziwa, kitambaa laini kinachoshuka chenyewe, imekaa kiunoni bila kubana. Ilikuwa suruali nzuri kupita zote tano.

“Nilinunua mwezi uliopita,” alisema Mathias. Sauti yake ya treni ilikuwa imemtoka. Hii ilikuwa ya mtu wa kawaida. “Naiweka hapa dukani. Naivaa nikifika; leo nimetoka nyumbani na msuli, maana suruali zangu sikuziona. Nilitaka tu kuwa na kitu kizuri ambacho hakuna mtu atakitolea maoni.”

Consolatha alimsogelea. Akainama, akashika kitambaa cha goti kwa vidole viwili, akakiinua kwenye mwanga.

“Nani amekupigia pasi hii?”

“Mimi mwenyewe. Kwa pasi ya dukani.”

“Nilijua si mtu anayejua. Umepiga mistari miwili kama reli. Tunu, mwanangu, iko wapi hiyo pasi?”

Pasi ikaletwa. Consolatha akasukuma vikombe pembeni, akatandika ile nyeusi ya kwaya mezani, akanyunyiza maji kwa vidole, na hapo hapo, mbele ya mkoa, akaonyesha jinsi mstari wa suruali unavyotafutwa kutoka kwenye mshono na si kwa kubahatisha. Aliongea akifanya kazi, bila kumwangalia mtu. Alieleza kwa nini wengi huunguza mfuko. Alieleza tofauti ya pamba na nailoni kama mtu anayesimulia tabia za mawifi zake. Alipoinua suruali ile, mstari ulikuwa umenyooka kutoka kiunoni hadi chini kiasi kwamba Jigar alipiga makofi bila kujijua.

Simu ziliita mpaka kipindi kikaisha, na zote ziliagiza pasi. Pasi zilikwisha dukani. Kati ya watu wote waliopiga, mmoja tu alimtaja Mathias, naye aliuliza kama yule mzee angeweza kusogea kidogo, anaziba meza.

Basi kazi ikahamia kwa Consolatha. Jigar alimwomba, naye akakubali kwa sharti moja, kwamba kitambaa chekundu kiondolewe, meza ibaki wazi na miguu yake ionekane. Watazamaji walijaribu. Siku ya pili tu akapiga mwanamume mmoja kutoka Isevya, akasema mama angependeza zaidi na mikono mirefu.

“Asante, baba,” alisema Consolatha. “Na wewe hapo unapoongea na mimi umevaa nini?”

“Fulana,” ilisema simu.

“Ya leo?”

“Ya jana.”

“Imepigwa pasi?”

Simu ikakatika. Baada ya wengine watatu kuulizwa vivyo hivyo, mmoja wao akiwa amejifunga taulo, daftari la MAONI lilikaa kaunta wiki nzima bila kuandikwa. Mama yake Jigar, bibi Maniben, akalichukua akawa anaweka ndani yake maelekezo ya kupika.

Mathias alirudi barazani kwake Cheyo. Mwanzoni alijisikia kama mtu aliyeshushwa njiani. Aliivaa ile suruali ya rangi ya maziwa sokoni, wazi kabisa, akakatiza mbele ya kibanda cha Mwamvita na kijiwe cha bodaboda, na watu wakamwambia shikamoo na kuendelea na yao. Alikwenda na kurudi mara mbili. Alipofika nyumbani aliitundika. Siku zilivyopita akagundua anapenda saa kumi jioni: kukaa sebuleni peke yake na kikombe cha chai, kumwangalia mkewe akiwakaripia watu wa mkoa mzima kuhusu kola zao.

Ilikuwa Jumatano mojawapo ya hizo. Consolatha alikuwa anaelezea pasi ya mvuke, na Mathias akaona jambo. Kola ya gauni lake, upande wa kulia, ilikuwa imejikunja kwa ndani. Alisubiri ajirekebishe. Hakujirekebisha. Mathias alisogea karibu na televisheni, akanyoosha kidole akaigusa ile kola kwenye kioo, bila mafanikio. Akawaza watu wangapi wanaiona. Akawaza kwamba si vibaya mtu kumwambia mkewe, tena kwa nia njema, na namba ilikuwa pale chini ya kioo inapita. Akapiga.

“*Duka Mezani*,” ilisema sauti ya Consolatha kutoka pande mbili, sikioni na kwenye kioo. “Karibu. Na wewe umevaa nini?”

Mathias alijitazama. Shati alilolivaa alikuwa amelilalia mchana.

“Halo?” alisema Consolatha.

“Naomba,” alisema Mathias, “pasi moja. Ya mvuke.”

Kalamu ya Consolatha ilisita kidogo tu, kiasi ambacho mtu mwingine asingekigundua. “Jina?”

“Mathias Kasanda.”

“Unakaa wapi, baba?”

“Cheyo. Nyumba ya bati la kijani, jirani ana mbuzi.”

“Italetwa jioni,” alisema Consolatha, akaandika, akaendelea na mvuke.

Aliingia saa moja kasoro, boksi kichwani, akalitua mezani mbele ya mumewe na karatasi ya kutia sahihi. Mathias akatia sahihi. Kisha, kwa kuwa walikuwa wawili tu na hakuna kamera, akamwambia kola yake ilikuwa imejikunja.

“Najua,” alisema Consolatha akivua viatu. “Tunu aliniashiria. Niliiacha nione nani atathubutu.”

“Wakathubutu wangapi?”

“Hakuna. Mmoja alikaribia.” Akaenda jikoni kuwasha moto, na Mathias akabaki anafungua boksi polepole, akisoma maelezo kwa sauti.